Nilipotumwa Kupima Mapenzi ya Watu kwa Miti

Niliwahi kuajiriwa kupima mapenzi. Nikisema hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza, kisha naeleza kwamba yalikuwa mapenzi ya watu kwa miti, majani, ndege na vijito. Hapo ndipo wanapocheka zaidi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, Kyerwa ikiwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Karagwe, nami nikiwa na miaka miwili tangu niolewe Kamuli. Mume wangu alikuwa anafundisha shule ya msingi upande wa Kibingo. Alikuja nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine zote tulikuwa wawili tu kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa: mimi na mama mkwe wangu, mjane, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, ambaye katika miaka hiyo miwili hakuwahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Nikipika ndizi, chumvi ilikuwa haionekani. Nikipalilia, alipita nyuma yangu akiokota magugu niliyoyasahau. Wageni wakija, alinitambulisha kwa maneno yaleyale: "Huyu ndiye tuliyemwoa. Hajui kufunga mzigo."

Mimi nilikulia mjini Bukoba, kwenye nyumba za watumishi wa misheni, ambako mtoto akikariri mistari mitatu ya Biblia alipigiwa makofi na akapewa na andazi. Kwa hiyo niliumia. Niliandika barua kadhaa kwa mama yangu mzazi kumweleza kwamba sipendwi huku, kisha nikazichana, kwa sababu aliyekuwa akipeleka barua posta ni mama mkwe.

Kazi ya kupima mapenzi niliipata kwa kuwa nilikuwa na kidato cha nne na mwandiko unaosomeka. Ulikuja mradi mmoja, jina lake naliacha, uliotaka kujua wanavijiji wanajali mazingira kiasi gani. Walituita vijana wachache kwenye ofisi ya kata, tukafundishwa siku mbili na mtaalamu aliyetoka mbali, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye kila akivuka tope alitoa kitambaa mfukoni na kuvifuta. Kila mmoja wetu alipewa fomu, penseli, raba na kichongeo. Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili, na mtu alitakiwa kujibu kwa kuchagua namba, kuanzia moja mpaka tano. Moja maana yake hapendi kabisa. Tano maana yake anapenda mno. Kwa wasiojua kusoma zilichorwa sura tano za mviringo, ya kwanza inalia machozi na ya mwisho inacheka mpaka macho yamefumba.

Siku ya pili, wakati tumeshaanza kusinzia, mtaalamu akasema jambo lililotuamsha. Kijiji ambacho watu wake wataonekana wanajali, kitaachiwa kilima chake kikitunze chenyewe. Kijiji ambacho wastani wake utakuwa chini ya tatu, kilima kitachukuliwa na mradi, kitawekewa walinzi na kupandwa misonobari, na hakuna atakayeruhusiwa kukata hata ukoka kwa miaka mingi.

Lazima nieleze habari ya kilima. Juu ya kijiji chetu kulikuwa na uwanda wa majani, rweya kama wanavyouita huku. Asiyejua anaona majani tu. Lakini kila kiangazi wanawake walipanda huko na mundu, wakakata, wakafunga mizigo, wakateremka nayo kichwani na kuyatandaza chini ya migomba. Majani yale yakioza taratibu ndiyo chakula cha shamba, ndiyo blanketi lake la kiangazi. Majani hayohayo ndiyo tuliyotandika sakafuni sebuleni mgeni akija. Mama mkwe alikuwa amepanda kilima kile tangu alipoolewa, kabla mume wangu hajazaliwa.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nilipomaliza kumweleza, kisu kilisimama.

"Bila majani," alisema, "kibanja hiki baada ya misimu miwili watoto watachezea mpira."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Penseli ninayo mimi."

"Ndiyo maana nina wasiwasi," akasema, na kisu kikaendelea.

Nilianzia kwa mzee jirani yetu, mtu aliyekuja kutoka Rwanda akiwa kijana, akalima vibarua kwenye mashamba ya watu mpaka akapata kibanja chake mwenyewe. Kilikuwa kibanja bora kuliko vyote pale kijijini. Mikungu yake ilikuwa inagusa ardhi, na ndani yake kulikuwa na ubaridi hata saa saba mchana. Nilijiwazia kimoyomoyo kwamba hapa navuna tano tupu. Nikamwamkia, akanipa kahawa ya kutafuna, nikatoa fomu. Fomu ilikuwa ya Kiswahili, nami nilikuwa nikimfasiria kwa Kinyambo changu cha kuunga.

"Mzee, kuanzia moja mpaka tano, unaipenda miti kiasi gani?"

"Miti ipi?"

"Hii yako."

"Hii? Hivi vimejiotea tu."

Aliyasema hayo huku anafunga mche uliokuwa umeinama kwa kamba ya ganda kavu la mgomba, na anaupapasa shinani kuona kama umeshika vizuri. Nikaandika moja.

"Unafurahi ukiwa katikati ya mazingira ya asili?"

"Nifurahie nini? Kuna tumbili."

"Umewahi kusimama kusikiliza ndege wakiimba?"

"Wale wezi wa mtama?"

"Katika wiki iliyopita, umekwenda porini mara ngapi kutembea kwa kujiburudisha?"

Hapo aliacha kufunga akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, mtu akionekana anatembea porini hana mundu, hana kamba, hana panga, watu watakwenda kumwambia mwenyekiti wa kijiji."

Nikaandika sifuri, namba ambayo haikuwemo hata kwenye kipimo. Chini ya maswali palikuwa na nafasi ya kuandika idadi ya miti na migomba aliyonayo. Nilipouliza, mzee alikohoa, akatazama pembeni, kisha akaniuliza mimi, "Na nyie kwenu mmezaliwa wangapi?"

"Sita," nikajibu haraka.

Alitikisa kichwa taratibu, akihuzunikia malezi yangu. Kumbe mtu mwenye adabu hahesabu watoto, hahesabu ng'ombe, na hahesabu mikungu ya ndizi, hasa mbele ya mtu mwenye penseli. Mwisho nikamwonyesha zile sura. Alizitazama moja baada ya nyingine. "Huyu anayelia amefiwa," alisema. "Huyu anayecheka ametoka kwenye rubisi. Niandikie huyu wa katikati, anaonekana ana akili zake."

Nikatoka hapo nikaenda kwa mtu wa pili, ambaye kijiji kizima kilimjua kwa pombe hiyohiyo ya ndizi. Kufika mlangoni ilibidi nisukume magugu yaliyonipita urefu. Migomba yake ilikuwa imekonda, miti ya kivuli aliyoachiwa na baba yake ilikuwa imekwisha kuwa mkaa na kwenda kuuzwa Murongo zamani, na yeye mwenyewe alikuwa amekalia kisiki cha mti wa mwisho.

"Unaipenda miti kiasi gani?"

"Andika tano. Kama ipo sita, andika sita."

"Unafurahi ukiwa katikati ya mazingira ya asili?"

"Tano. Mimi mwenyewe ni mazingira."

Kuhusu ndege alitokwa na machozi. Kuhusu kutembea porini alisema hutembea karibu kila siku, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwa sababu akitoka kilabuni hakuwa anaiona njia. Nilimwandikia tano kumi na mbili. Kwa mujibu wa fomu ya mradi, Kamuli nzima haikuwa na mtu anayejali mazingira kama yeye.

Nilizunguka siku tisa. Kila nilipoingia kwenye shamba zuri, lenye majani yametandazwa vizuri na miti ya msambya imesimama kwa mpango, mwenye shamba alinijibu kwamba hana shamba, ana pori, na kwamba miti inamchosha. Mama mmoja mwenye bustani ya maharage niliyotamani kuilalia alisema ardhi yake imekufa tangu zamani, na yeye anasubiri tu kuifuata. Na kila nilipokuta shamba tupu lenye visiki, nilikuta tano zinanisubiri. Jioni ya siku ya tisa nilijumlisha chini ya mti wa parachichi, nikagawanya, nikafuta, nikagawanya tena. Hatukufika hata karibu na tatu. Nilijikuta natamani kijiji chetu kingekuwa na walevi wengi zaidi. Nitakiri jambo moja: nilifikiria kumwandika tena yule wa kwenye kisiki kwa jina la marehemu kaka yake. Niliitazama raba kwa muda mrefu. Kilichonizuia si uadilifu. Niliogopa kwamba mwandiko wangu unajulikana.

Nilikuwa nimebakiza fomu moja, ya nyumbani kwetu. Nilimfuata mama mkwe jikoni, nikakaa kwenye kigoda na kuchonga penseli.

"Mama, unaipenda miti na migomba yako kiasi gani?"

"Andika sipendi."

"Mama."

"Andika. Si umeniuliza?"

"Kila asubuhi unakizunguka kibanja kabla hujanawa uso. Mvua ya mawe ilipopiga mwaka jana hukula siku mbili."

"Nilikuwa naumwa tumbo."

"Ule mgomba wa kule pembeni unaongea nao. Nimekusikia."

"Nauonya," alisema. "Mkaidi ule."

Nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba nimezunguka siku tisa kwenye jua, kwamba kila mtu mwenye shamba la maana amenidanganya usoni, na kwamba kilima kinakwenda kwa sababu ya kiburi chao. Nilimwambia, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko inavyofaa mbele ya mkwe, "Mtu atakufa akisema ukweli mara moja tu? Akisema kitu chake ni kizuri na anakipenda?"

Hakukasirika. Alichochea moto kwanza.

"Kiburi ni kule kusema," alisema. "Ukisimama mbele ya mgeni ukasema shamba langu ni zuri, nalipenda, lina hiki na kile, umelivua nguo. Kila jicho litakuja kutazama. Kitu unachokipenda unakifunika." Kisha akaonyesha chungu kwa kidole. "Hata hizo ndizi umeziacha wazi, mvuke wote umetoka."

Nikazifunika. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikusikia nilichoambiwa. Nilimwandikia moja kumi na mbili, nikibonyeza penseli mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Wokovu ulianza siku ya Jumapili, nje ya kanisa, na kama vitu vingi vinavyoanzia nje ya kanisa, ulianza kwa umbea. Tulikuwa tumesimama wanawake watano baada ya ibada. Kwa kuchoka tu, bila hila yoyote bado, nikamwambia mmoja wao kwamba yule mzee wa kwenye kibanja kizuri ameniambia hajali miti.

"Yule?" mama huyo akasema. "Yule amerukwa na akili. Mpite asubuhi umsalimie, uone kama atakuitikia kabla hajamaliza kupitia migomba yake mmoja mmoja, kama daktari wodini. Binti yake alipoolewa alichelewa kanisani kwa sababu upepo uliangusha mgomba. Alisimama kuuegemeza akiwa na suti yake."

"Na mkewe ni yuleyule," akadakia mwingine. "Maji aliyonawia mgeni hayamwagwi ovyo kwao. Yanapelekwa kwenye mche wa kahawa."

Kumbe mtu wa huku hasemi lake, lakini la jirani analo lote, na ukimpa nafasi ya kulilalamikia, analitoa mpaka mizizi. Sikusubiri Jumatatu. Mchana huohuo nilirudi nyumba kwa nyumba na fomu zangu, nikaacha maswali yote kumi na mawili, nikauliza moja tu: "Hivi jirani yako naye ana kichaa gani na miti?"

Niliandika nyuma ya fomu mpaka penseli ikaisha. Kuna mama aliyemnunia shemeji yake mwaka mzima kwa kuchinjia mbuzi chini ya mti wa msambya na kukwangua gome. Kuna baba aliyezungusha njia ya baiskeli ya kijiji, hatua arobaini nzima, ili isipite kwenye kichaka wanapozalia kanga wa porini, na akawaambia watu kwamba ni tope. Kuhusu mama mkwe wangu nilipata ushahidi kutoka nyumba nne. Alikuwa amemfukuza fundi wa bati na kazi haijaisha, kwa kuwa fundi aliegemeza ngazi kwenye mgomba wenye mkungu. Na kila kiangazi, mzigo wake wa mwisho wa majani hakuuleta kwetu. Aliupeleka kwenye kibanja cha bibi mmoja asiyeweza tena kupanda kilima, akautandaza kimyakimya na kuondoka. Hilo nilikuwa silijui, na nilikuwa nalala naye nyumba moja.

Kuhusu yule wa kwenye kisiki, majirani walisema tu, "Huyo usimwandike."

Mtaalamu alirudi baada ya wiki mbili kukusanya fomu. Alijumlisha mezani pale ofisi ya kata, akapiga mstari, akanitazama kwa masikitiko. Kijiji chetu kilikuwa cha mwisho.

"Geuza nyuma," nikamwambia.

Akageuza fomu moja, akasoma, akageuza nyingine. "Dada yangu, hizi si takwimu. Umemuuliza mtu habari za mtu mwingine. Huu ni umbea."

"Ni umbea wa kweli."

"Fomu haina sehemu ya umbea," alisema kwa upole, na akachukua kalamu ya wino ili aandike mapendekezo yake. Niliitazama ile kalamu, na nilichokiona ni mama mkwe amesimama chini ya kilima na mundu mkononi, na mlinzi anamwambia arudi nyumbani. Nikauliza kama amekula. Hakuwa amekula. Nikamwambia nyumbani kwetu ni karibu, kuna ndizi na maharage, na mapendekezo hayaharibiki kwa kungoja saa moja.

Njiani ndipo nilipofanya ubaya. Nilimwambia hivi, kwa sauti ya mtu anayesaidia: "Mama yangu anapenda sana shamba lake lisifiwe. Akikutembeza, lisifie kwa nguvu. Na ukiweza, mhesabie na mikungu. Hiyo itamfurahisha mno."

Mama mkwe alimpokea vizuri. Sebuleni kulikuwa na majani mabichi sakafuni, akampa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akamlisha mpaka akalegeza mkanda. Kisha mtaalamu akaomba kuona kibanja. Tulipofika katikati, akasimama, akavuta pumzi, na kusema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Mama, shamba lako ni zuri sana. Sijaona zuri kama hili wilaya nzima." Halafu akanyoosha kidole. "Mkungu mmoja, miwili, mitatu, minne..."

Niliona rangi ikimtoka mama mkwe. Alijisogeza mbele ya kile kidole kana kwamba ni mkuki.

"Hakuna kitu hapa," alisema haraka. "Takataka tupu. Huu unaouona una ugonjwa tangu masika yaliyopita, nimeupa jivu, nimeupa samadi ya mbuzi, hauna shukrani. Na huu ni mvivu. Miaka mitatu unakula majani yangu na hauzai. Ningekuwa mtu mwenye akili ningeshaukata."

"Lakini huu hapa, mama, ni mkubwa na..."

"Huo ndio mbaya kuliko yote. Huo niliubeba kichwani ukiwa mche siku naolewa, kutoka kwa mama yangu, na tabia zake ni za mama yangu. Unainama upande wa njia ili usikie watu wanasema nini. Ule pale umezaliwa na huu, mwaka aliozaliwa mtoto wangu, mwaka wa njaa, na mpaka leo una njaa, nikiuwekea mzigo mmoja unataka miwili. Huo usiuguse. Huo ukiguswa na mgeni unadondosha ndizi. Ule mbuni tumeuacha tu kwa sababu marehemu alikuwa akikalia kivuli chake, ni mzee, kahawa zake ni chungu, hauna faida."

Aliendelea. Mtaalamu alijaribu kusifu kidogo tena, naye akaongeza matusi. Alipita mgomba kwa mgomba na hakuruka hata mmoja. Alijua ipi ilihamishwa kutoka kivulini, ipi iligombana mizizi na jirani yake, ipi ilipona mvua ya mawe na upande gani ina kovu. Nilikuwa nimesimama nyuma yao nikiuma mdomo. Mtaalamu alikuwa ametoa daftari na kuanza kuandika, na viatu vyake vilikuwa vimezama kwenye majani yaliyooza bila yeye kujali. Kufikia mpakani mwa shamba, kurasa zilikuwa zimejaa na mama mkwe alikuwa amekaukiwa mate.

"Kwa hiyo unaona mwenyewe," alimalizia. "Sina shamba."

"Naona, mama," mtaalamu alisema. Alifunga daftari, kisha akanigeukia. "Zile fomu zako. Nipe nizisome tena upande wa nyuma."

Alikaa kwenye baraza letu mpaka jua likapungua, akasoma migongo ya fomu zote. Mara mbili nilimsikia akicheka peke yake. Hakuniahidi chochote. Alisema tu kwamba ataandika alichokiona, na kwamba hajui wakubwa wake watasema nini, maana wao nao wana fomu zao. Alipokwisha kuondoka, mama mkwe alinikabili pale mlangoni.

"Nani alimwambia ahesabu?"

"Sijui, mama."

"Hata kudanganya hujui," alisema, akaingia ndani.

Tulingoja mwezi na zaidi. Mama mkwe hakuuliza hata mara moja, ila asubuhi alikuwa akimaliza kuzunguka kibanja anasimama kwenye njia ya kilima, anatazama juu, kisha anarudi. Barua ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Ilikuwa ndefu na ngumu, lakini mwenyekiti alipofika katikati alisimama, akarudia sentensi moja ili wote wasikie: kilima kitabaki mikononi mwa kijiji. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mwenye kibanja kizuri alisema kilima chenyewe kina majani mabaya, na watu wakakubaliana naye, wakaenda nyumbani wakiwa wanatembea kwa haraka kidogo kuliko kawaida.

Kesho yake tulipanda. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano, mundu mkononi, kamba mabegani. Maswali ya mradi yalikuwa yameshakuwa mzaha wa kijiji. Watu walikuwa wakiulizana kuanzia moja mpaka tano habari za mboga, za mahubiri, za waume zao. Tulipokuwa tunafunga mizigo, mzigo wangu ukafumuka mara ya pili, na majani yakaenda na upepo. Jirani mmoja, yule wa nje ya kanisa, akamwita mama mkwe kwa sauti ya uchokozi.

"Na huyu mkwe wako je? Kuanzia moja mpaka tano?"

Hata waliokuwa wanakata wakaacha. Mama mkwe alijinyoosha mgongo, akaweka mkono kiunoni, na kunitazama kuanzia miguuni.

"Huyu," alisema. "Huyu anakata majani marefu mno. Anapanda kilima anahema kama anafukuzwa. Siku ya kwanza alipokuja alipalilia akang'oa maharage yangu mistari miwili akidhani ni magugu, kisha akayarudisha akidhani sikumwona. Usiku akiota anaongea Kihaya cha mjini. Akiandika barua kwa mama yake anazichana na kuzitupa chooni, mimi nahangaika nisijue mtoto amekosa nini. Analala upande wa kushoto. Akiumwa hasemi, mpaka umwone anaacha chai. Nimeletewa mzigo." Akainama, akachukua kamba yangu, akaufunga ule mzigo wangu upya, fundo moja tu. "Mwandike moja. Na hiyo moja ni kwa kumhurumia."

Hakuna aliyecheka. Wale wanawake kumi na watatu waliniangalia, na machoni mwao, wengine wamekaa na wakwe zao miaka ishirini, niliona wivu mtupu. Niliinama nikajifanya naokota majani yaliyobaki, nikakaa hivyo kwa muda, mpaka mama mkwe akasema nisiyamalize yote, watakaopanda mwakani nao watayahitaji.